Barua Si Ugomvi

Wanangu, ninyi mliopangiwa meza ya mikataba ya ujenzi hapa ofisini, kaeni tuzungumze. Nitakayosema si mageni. Nimeyasema kwa waliowatangulia. Wengine leo ni majaji, wengine wamefungua ofisi zao, na wengi wao waliitikia kwa kichwa kisha wakaenda kufanya walivyozoea. Siwalaumu. Kazi ya mzee ni kurudia, na kazi ya kijana ni kuchoka kusikia mpaka siku yake ifike.

Majalada yetu ya ujenzi hufanana. Mkandarasi anaingia na bahasha ya kaki iliyotuna. Anasema amedhulumiwa. Alikabidhiwa eneo miezi mitatu baada ya tarehe iliyoandikwa. Msingi uliochorwa wa mita moja na nusu ulishuka hadi mita tatu kwa sababu chini kulikuwa na tope. Masika yalimkuta na mashimo wazi. Mitambo ya kukodi ililala saitini huku kodi yake ikihesabika. Mhandisi alimwagiza ahamishe ukuta, akauhamisha, na leo hakuna anayetaka kuulipia. Yote hayo ni kweli tupu. Picha anazo, mafundi wa kumshuhudia anao. Namuuliza: uliandika? Ananitazama kama niliyemuuliza jambo la aibu. "Tulizungumza, mzee. Yule ni mtu wangu."

Nasaha yangu leo ni hiyo moja, na mengine yote ni maelezo yake: barua si ugomvi. Mkandarasi anayeandika mapema hajamtangazia mtu vita. Anailinda kazi, analinda fedha za pande zote mbili, na mara nyingi anaulinda na huo urafiki anaouogopea. Mkiweza kuwafundisha wateja wenu hilo tu, mtakuwa mmefanya kazi kubwa kuliko kesi zote mtakazoshinda.

Lakini hamwezi kufundisha msichokijua, kwa hiyo tuanze na watu wenyewe. Katika mradi wa ujenzi kuna mshitiri, mwenye fedha na mwenye haja. Kuna msanifu majengo anayechora, mhandisi mshauri anayekokotoa na kusimamia, mkadiriaji majenzi anayepima kazi na kuithamini. Kuna mkandarasi mkuu, na chini yake makandarasi wadogo wa umeme, mabomba, madirisha na paa. Chini kabisa wako mafundi na vibarua, wasioutia saini mkataba wowote lakini wanaoubeba wote mabegani. Hapa kwetu Tanzania sheria za mwaka 1997 ziliweka bodi za kuwasajili makandarasi, wahandisi, na wasanifu na wakadiriaji, na Baraza la Taifa la Ujenzi lipo tangu 1979. Makandarasi wa majengo wamepangwa kwa madaraja kuanzia la kwanza hadi la saba, na kila daraja chini ya la kwanza lina kikomo cha thamani ya kazi linayoruhusiwa kuichukua. Mteja akiwaletea mkataba, kabla hamjasoma kifungu chochote tazameni kama aliyetia saini amesajiliwa, na kama daraja lake linaibeba kazi hiyo. Nimeona watu wakibishana mwaka mzima juu ya tafsiri ya kifungu ilhali mkandarasi hakuwa na haki ya kuigusa kazi ile tangu mwanzo.

Na muende saiti. Vaeni kofia ngumu na viatu vyenye ncha ya chuma, mkanyage tope. Wakili wa ujenzi asiyejua tofauti ya boriti na nguzo, asiyewahi kuona nondo zikifungwa kabla zege halijamwagwa, atauliza shahidi maswali ya kitabuni, na mhandisi wa upande wa pili atamchezea kama mtoto. Sheria yetu hii inaishi katika vitu vinavyofunikwa. Msingi hufunikwa na udongo, nondo hufunikwa na zege, mabomba hufunikwa na plasta. Mwaka mmoja baadaye hakuna anayeweza kuona kilichofanyika isipokuwa avunje. Kinachobaki ni kilichoandikwa siku ile: daftari la saiti, karatasi ya ukaguzi yenye saini, picha yenye tarehe, barua. Ndiyo maana katika fani hii karatasi ina uzito isio nao katika kesi ya kawaida ya deni.

Sasa tuje kwenye masharti yenyewe. Miradi mikubwa ya barabara, maji na umeme katika nchi zetu, hasa ile yenye fedha za mabenki ya maendeleo, hutumia mikataba ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri lililoanzishwa mwaka 1913. Kitabu chao Chekundu kilitoka mara ya kwanza 1957. Toleo la 1999 ndilo lililotulea wengi wetu, na toleo la 2017 linashika nafasi yake pole pole. Katika toleo la 1999, kifungu cha 20.1 kinamwambia mkandarasi hivi: ukiona una haki ya muda wa nyongeza au malipo ya ziada, mpe mhandisi taarifa ndani ya siku 28 tangu ulipojua, au ulipopaswa kujua, tukio lenyewe. Usipotoa taarifa hiyo, muda hauongezwi, fedha hulipwi, na mshitiri anavuliwa dhima. Toleo la 2017 limemfunga na mshitiri kwa kamba hiyohiyo: naye akiwa na dai, siku zake ni 28.

Tazameni maneno yale: "au ulipopaswa kujua". Siku hazianzi kuhesabiwa mkandarasi alipokasirika, wala alipogundua kwamba hesabu zake zimekwenda hasara, wala alipokuja kwetu na bahasha. Zinaanza pale mchimbaji alipokuta maji shimoni. Na kinachotakiwa ndani ya siku hizo si dai kamili lenye viambatisho. Ni taarifa fupi tu. Mchanganuo una muda wake: siku 42 katika toleo la 1999, 84 katika la 2017. Wengi hukaa kimya wakisubiri hesabu zikamilike, wakidhani kwamba bila hesabu hawana cha kuandika. Hesabu zinapokamilika, haki imeshakufa.

Jambo moja hunistaajabisha kila nikilifikiria. Hakuna mhandisi asiyeijua siku ya 28. Zege likimwagwa, vipande vya sampuli huhifadhiwa, vingine huvunjwa maabara siku ya 7, na siku ya 28 ndiyo ya hukumu, ndiyo inayosema kama nguzo ile itabeba ilichoandaliwa kubeba. Msimamizi wa saiti anaiandika tarehe hiyo ukutani, anaipigia simu maabara, halali mpaka apate majibu. Mtu huyohuyo, saiti ileile, anaziacha siku 28 za taarifa zimpite bila kuuliza. Kwa hiyo msimwambie kwamba sheria ni ngumu. Mwambieni aandike tarehe mbili ukutani badala ya moja.

Yapo na maagizo ya mdomo. Mhandisi anapita saiti Ijumaa asubuhi, ananyoosha kidole, "huu ukuta sogeza huku," anapanda gari anaondoka. Mkandarasi anasogeza, kwa sababu ni adabu na kwa sababu anataka kuonekana mtu wa kazi. Toleo la 1999 lilifikiria hali hiyo. Maagizo yatolewe kwa maandishi kila inapowezekana. Yakitolewa kwa mdomo, mkandarasi ayathibitishe kwa maandishi ndani ya siku mbili za kazi, na mhandisi asipoyakanusha kwa maandishi ndani ya siku mbili nyingine, uthibitisho ule unakuwa ndiyo agizo lenyewe. Siku hizi mtaambiwa, "Mzee, mbona ipo kwenye kundi la WhatsApp?" Nami siidharau WhatsApp. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ujumbe wa simu unaweza kuwa ushahidi mahakamani. Lakini ushahidi kwamba jambo lilisemwa ni kitu kimoja, na taarifa iliyofikishwa kwa mtu anayestahili, kwa anwani na njia iliyotajwa katika mkataba, ni kitu kingine. Mkandarasi apige picha, atume kundini, kisha arudi ofisini aandike barua.

Nikifika hapa vijana huniuliza: kama ni rahisi hivi, mbona hawaandiki? Swali hilo ndilo zito, na jibu lake halimo katika vitabu vya sheria.

Hawaandiki kwa sababu ya haya. Mshitiri wa kwetu mara nyingi ni mtu mzima, ana cheo, pengine ni jirani wa msikitini au mzee wa kanisa. Kumwandikia barua yenye namba ya kifungu kunaonekana kama kumvunjia heshima mbele ya watu. Wengine hawaandiki kwa hofu: wanaamini kwamba anayedai leo hatapewa zabuni kesho. Wengine wanasema "tutayamaliza wenyewe," na hao nawahurumia zaidi, maana ni watu wema. Na wengine ni mafundi waliokua kwa mikono yao hadi wakawa makandarasi. Kwao siku iliyokwenda kwenye kalamu ni siku iliyopotea kwenye kazi.

Wote hao wana hoja, na msiwacheke. Lakini wajibuni. Sisi wa pwani tulisomeshwa chuoni kwamba aya ndefu kuliko zote katika Kurani, iliyomo katika Surat al-Baqara, inahusu uandishi wa deni: awepo mwandishi mwadilifu, wawepo mashahidi, na watu wasione uzito kuliandika, liwe dogo au kubwa. Hawakuambiwa hayo maadui. Waliambiwa waumini, ndugu na majirani wanaoswali safu moja, watu ambao kama kuaminiana kungetosha basi kungewatosha wao. Na wazee wetu wasiojua hata kusoma walituachia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo asiwaambie mtu kwamba kuandikiana ni desturi ya kigeni iliyoletwa na wahandisi wa Ulaya. Mkandarasi akiwaambia mshitiri ni mtu wake, mwambieni hiyo ndiyo sababu ya kumwandikia leo. Akingoja mpaka fedha ziishe, atamwandikia akiwa si mtu wake tena, na barua ile itakuwa ya ugomvi kweli.

Mfundisheni pia jinsi ya kuandika. Barua ya taarifa haina haja ya ukali. Iwe hivi: "Mhandisi, tunakujulisha, kwa mujibu wa kifungu husika cha mkataba, kwamba tarehe 4 mwezi huu, tulipokuwa tukichimba msingi wa nguzo za mstari C, tulikuta maji kwenye kina cha mita mbili. Kazi ya sehemu hiyo imesimama. Tunaona jambo hili linaweza kuhitaji muda wa nyongeza na gharama, na mchanganuo wake tutauleta. Tunaomba ufike uone kabla hatujaanza kuvuta maji." Basi. Hakuna tuhuma, hakuna kiapo, hakuna jina la wakili. Mhandisi akiipata anaweza kuja, akaona, akabadilisha mchoro, akaokoa fedha za mshitiri. Siku 28 ziliwekwa kwa faida hiyo: anayelipa apate nafasi ya kuamua kabla gharama haijamea. Mkandarasi anayenyamaza kwa heshima anamnyima mshitiri nafasi hiyo, kisha mwaka wa pili anampelekea hesabu ya kumtoa jasho. Niambieni, heshima iko wapi hapo?

Nami nawaonya na upande wa pili, kwa sababu kuna waliolisikia somo hili wakalipindua. Wapo makandarasi wanaoandika barua kila kukicha, kwa mvua ya dakika kumi, kwa geti lililofunguliwa asubuhi kwa kuchelewa. Bei waliitoa ya chini makusudi ili washinde zabuni, na sasa wanaitafuta faida kwenye madai. Na nyuma yao, mara nyingi, yupo wakili. Mhandisi akishapokea barua za namna hiyo kila siku anaacha kuzisoma, na ile moja ya kweli inapita pamoja na takataka. Msiwe mawakili hao. Barua iwe ya jambo lililotokea, lenye athari, na lililosemwa kama lilivyo.

Sasa fedha, maana ndipo machozi yalipo. Kwa toleo la 1999 mkandarasi hupeleka hesabu ya kazi aliyoifanya, mhandisi ana siku 28 za kutoa hati ya malipo, na mshitiri anapaswa kulipa ndani ya siku 56 tangu mhandisi alipoipokea hesabu ile. Akichelewa, riba inamwandama, inayokokotolewa kila mwezi juu ya nyingine. Mkandarasi ana haki ya kupunguza kasi au kusimamisha kazi, lakini baada ya kutoa taarifa ya siku zisizopungua 21. Mtaona wateja wawili hapa. Wa kwanza ni yule anayefanya kazi mwaka mzima bila kulipwa, anakopa benki, anauza kiwanja, na hajawahi kuandika hata mstari mmoja kuidai riba iliyo haki yake. Wa pili ni yule anayekasirika Jumatatu na Jumanne anaondoa mitambo bila taarifa. Mshitiri anamwandikia kwamba ametelekeza kazi, anavunja mkataba, na benki inaitwa kulipa dhamana ya utendaji. Wote wawili walikuwa na haki. Mmoja aliiacha ilale, mwingine aliidai kwa njia iliyomtia yeye hatiani.

Msimsahau mkandarasi mdogo. Mkataba wake mara nyingi ni karatasi moja, na ndani yake kuna sharti kwamba atalipwa mkuu atakapolipwa. Mkuu asipolipwa, fundi wa aluminiamu anakaa na madirisha yaliyokwisha kufungwa na vijana wanaosubiri posho ya Jumamosi. Uingereza waliliona tatizo hili wakatunga sheria mwaka 1996: sharti la namna hiyo likanyimwa nguvu, isipokuwa mlipaji wa juu amefilisika, na mwenye mgogoro akapewa njia ya kwenda kwa mwamuzi anayetoa uamuzi wa muda ndani ya siku 28, ulipwe kwanza, mabishano yaendelee baadaye. Mkiandaa mikataba midogo, hamhitaji kusubiri Bunge. Andikeni ndani yake tarehe ya malipo isiyotegemea mfuko wa mtu mwingine, na jina la mtu wa kuamua haraka pakitokea tofauti. Mkuu atanung'unika. Mwelezeni kwamba fundi aliyelipwa humaliza kazi.

Ikishindikana, ngazi ya migogoro ipo, na ngazi hupandwa kwa mpango. Kwanza mhandisi, ambaye analipwa na mshitiri lakini anapotoa uamuzi juu ya dai mkataba unamtaka awe wa haki. Kisha bodi ya migogoro, yenye siku 84 za kuamua; asiyeridhika ana siku 28 za kusema hivyo kwa maandishi, la sivyo uamuzi unakuwa wa mwisho. Kisha usuluhishi, ambao kwetu sasa unaongozwa na sheria ya mwaka 2020 iliyochukua nafasi ya ile ya 1931. Anayeidai serikali mahakamani akumbuke notisi ya siku 90 kabla ya kufungua shauri. Na madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6. Kila ngazi ina hesabu yake ya siku, na kila hesabu ina watu walioanguka hapo.

Mtakaowatumikia washitiri, hasa taasisi za umma, msidhani mawaidha haya ni ya makandarasi peke yao. Mkumbuke mwaka 2017. Ndege mpya ya Bombardier Q400, iliyonunuliwa kwa ajili ya shirika letu la ndege, ilizuiwa Kanada. Iliyoizuia ilikuwa kampuni ya ujenzi, Stirling Civil Engineering, iliyokuwa inadai tuzo ya usuluhishi iliyotokana na mkataba wa barabara uliovunjwa miaka mingi nyuma. Deni liliripotiwa kufikia takribani dola milioni 38. Ndege ilifika Dar es Salaam Aprili 2018, baada ya serikali kushughulikia jambo hilo. Sitaki kuamua hapa nani alikuwa na haki katika barabara ile. Nataka muone kwamba mgogoro wa kokoto na lami unaweza kuivuka bahari na kuishika ndege, na kwamba riba haiendi likizo mafaili yanapolala kabatini. Mwanasheria wa taasisi anayepokea barua ya mkandarasi na kuiweka chini ya nyingine, akitumaini itasahaulika au bosi mwingine atakuja kuijibu, anatumia fedha za umma bila idhini ya mtu yeyote.

Nimeliacha jambo zito zaidi mpaka sasa, kwa sababu mlitakiwa kwanza mjue thamani ya karatasi. Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilianguka na watu 36 wakafa. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la biashara la Kariakoo likaanguka watu wakiwa ndani, zaidi ya 20 wakafa, na Waziri Mkuu akaunda tume ya kuchunguza majengo ya eneo lile. Kenya nao wanalikumbuka jengo la Huruma lililoanguka Aprili 2016. Nani alikosa na alikosa nini, yapo mamlaka ya kuyasema hayo. Sisi tuseme linalotuhusu. Mara nyingi jengo hutoa ishara kabla: sampuli ya zege iliyofeli maabara, ufa unaopanuka, mlango ulioanza kubana, nondo zilizowekwa chache kuliko za mchoro. Aghalabu yupo aliyeiona. Foromani ameiona, mhandisi kijana ameiona, akamwambia bosi kwa sauti ya chini, bosi akasema endelea, naye akaendelea kwa sababu ni adabu na kwa sababu ana watoto.

Mtu huyo atakuja kwenu siku moja, pengine jioni, bila miadi, hana hata fedha ya ada. Msimrudishe. Msaidieni aandike: tarehe, mahali, alichokiona, alichokishauri, na ombi la kusimamisha kazi mpaka ikaguliwe. Nakala aipeleke kwa mwenye mamlaka ya kibali na kwa bodi iliyomsajili. Anaweza kupoteza kibarua, na msimdanganye kwamba hawezi. Lakini sheria ilimpa mhandisi muhuri ili siku moja aweze kusema hapana, na hapana ya mdomo haimsimamishi mtu aliyekwisha kukopa benki kwa ajili ya ghorofa mbili za ziada.

Atakuja pia mwenye ghorofa hizo mbili za ziada. Huyo atakuwa na fedha, tena nyingi. Atataka mumwandikie mkataba unaomtwisha fundi dhima yote, au barua ya kuomba kibali iliyoandikwa tarehe ya nyuma. Mkatalieni, na kukataa kwenu nako kuwe kwa maandishi, kubaki katika jalada lenu. Msijidanganye kwamba mliandika maneno tu na zege walimwaga wengine.

La mwisho ni letu sisi wenyewe. Mgogoro mkubwa unailisha ofisi kama hii kwa miaka. Mteja aliyetoa taarifa yake kwa wakati hatuletei kitu zaidi ya ada ya ushauri wa nusu siku. Kishawishi cha kumwacha mteja ajikwae, kisha tumwokoe kwa gharama, kipo, na hakiji kikijitambulisha. Huja kama shughuli nyingi, kama "tutalitazama wiki ijayo". Mtakapojiona mnasema hivyo juu ya taarifa ya siku 28, jueni mmeanza kula jasho la mtu.

Sitawaapisha, maana viapo mmeshakula vya kutosha. Nawapa kazi. Kila mkataba mpya ukitiwa saini, mtengenezeeni mteja karatasi moja ya Kiswahili chepesi yenye siku zote anazotakiwa kuzishika na mtu wa kumwandikia, aibandike ofisi ya saiti pale msimamizi anapokunywa chai. Msinakili siku za FIDIC kichwani mkadhani zinafaa kila mahali. Mkataba wa majengo wa Baraza la Taifa la Ujenzi na mikataba ya zabuni za umma ina hesabu zake, na masharti mahususi hubadilisha ya jumla, kwa hiyo someni ule ulio mbele yenu. Mkianza kesho, anzeni na jalada la juu kabisa: tafuteni kifungu cha taarifa, hesabuni siku zilizobaki, na mpigieni mteja simu kabla ya adhuhuri. Wabillahi taufiki.